Kitabu Kisichokuwepo Maktabani

Mkufunzi wao aliitwa Madam Ukurasa, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wa uuguzi, darasa baada ya darasa, kwa sababu hata ukimwambia nje kunanyesha atakuuliza umeyasoma wapi hayo na ukurasa gani. Alikuwa mama mfupi, nadhifu, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na kalamu nyekundu isiyoisha wino. Mbaya hakuwa, na hilo lisemwe mapema, maana wanafunzi wanapenda sana kumfanya mkufunzi wao jini. Alhamisi hiyo aliingia darasani na furushi la insha kifuani, akaliweka mezani, akasema ataanza na jambo zuri.

Msomi, aliyekaa karibu na dirisha, hakupenda kusikia hivyo. Msomi ni jina la utani. Alipachikwa na wadogo zake siku alipochaguliwa kujiunga na chuo, likamfuata hadi bwenini, na sasa hata wapishi wa chuo walimwita hivyo. Kwa kawaida alilipenda. Asubuhi ile angefurahi kuitwa kitu kingine.

"Swali langu lilikuwa jepesi," alisema Madam Ukurasa. "Kwa nini akina mama huchelewa kuwaleta watoto kituoni? Wengi wenu mmeniandikia umbali. Mmeniandikia uchafu wa maji, sijui yameingiaje. Lakini kuna insha moja imenitoa machozi, na mimi si mtu wa kulialia. Sikilizeni."

Akavaa miwani, akasoma. "Mama mmoja alieleza hivi: Niliona afadhali mtoto aumwe nyumbani kuliko mimi nitukanwe tena mbele za watu."

Msomi alitazama mikono yake.

"Sentensi moja," alisema Madam Ukurasa, "na swali langu lote limejibiwa. Nikatazama chini kuona imetoka wapi. Kitabu kinaitwa *Sauti Kutoka Kwenye Foleni*, kimeandikwa na profesa fulani, ukurasa wa arobaini na saba. Nikasema kitabu hiki lazima nikisome chote. Nikaenda maktaba, hakipo. Mkutubi akapiga simu vyuo vingine, hawakijui. Nikasema basi, mwenye insha atakuwa nacho. Nikaendelea kusahihisha. Nikakikuta tena kwenye insha nyingine. Na nyingine. Kuna aliyekinukuu ukurasa wa mia na mbili. Na Bosi hapa," akamgeukia kijana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama, "yeye ametumia toleo la pili."

Watu wakaangua kicheko. Bosi hakuwa mtu wa kukubali kushindwa kirahisi.

"Ndilo lenye masahihisho, Mwalimu," alisema.

"Vizuri sana. Jumatatu utaniletea."

Kicheko kikakatika. Madam Ukurasa akavua miwani.

"Kikija kitabu, nitafurahi kuliko nyinyi nyote. Kisipokuja, nitataka kumjua aliyekitunga. Mtu anayenibunia kitabu leo, kesho atanibunia joto la mgonjwa na kulijaza kwenye chati kwa sababu kipimajoto kiko mbali. Huyo haingii wodini na mimi. Ataonana na Mkuu wa chuo."

Wote walijua maana ya kuonana na Mkuu wa chuo. Mwaka uliopita kuna mwanafunzi aliitwa ofisini kwake kabla ya chakula cha mchana, na baada ya chakula kitanda chake kilikuwa hakina godoro. Kwenda wodini, mwezi mzima wa mazoezi, kulikuwa kuanze wiki inayofuata. Msomi alikuwa ameusubiri mwezi huo tangu akiwa mtoto wa shule, na sasa aliuona ukimponyoka kwa sababu ya kitabu ambacho hakikuwahi kuandikwa na mtu yeyote.

*

Hapa inabidi kueleza tabia moja ya wanafunzi wale, maana bila hiyo jambo hili haliingii akilini. Insha kila mtu aliandika yake, na aliyekuibia aya ungeweza kumnunia hadi likizo. Lakini orodha ya marejeo, ile inayokaa mwisho, ilikuwa mali ya umma. Walipeana kama watu wanavyopeana chumvi. Ukikosa chanzo unagonga mlango wa jirani, unachagua kinachofanana na ulichoandika, unabadilisha ukurasa kidogo ili isionekane mmekaa pamoja. Hakuna aliyeona hiyo ni dhambi. Vitabu si vipo tu?

"Kwa hiyo hakipo?" Chiriku alimwuliza Msomi, walipofika chumbani. Chiriku ndiye aliyelala naye chumba kimoja, na jina lake lilimfaa, maana mdomo wake haukujua likizo. "Hakipo kabisa kabisa?"

"Hakipo."

"Na yule profesa?"

"Nimemtunga."

Chiriku akakaa kitandani, akashika tama. "Mungu wangu. Na mimi nimempa Bosi, na Bosi akampa Monita, na Monita... Sasa wewe, mtu unatungaje profesa?"

"Na wewe ulinakili lini?"

"Ulipokuwa bafuni. Si ulikuwa umeacha karatasi mezani? Mimi nilijua ni kitabu kama vitabu vingine! Kina hadi mchapishaji!"

Kweli, kilikuwa na mchapishaji. Msomi alikuwa amekitengeneza kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Mwandishi alimpa herufi mbili mbele ya jina la ukoo, kwa sababu wasomi wa kweli wana herufi. Alimfanya mwanaume, maana hivyo ndivyo walivyokuwa wengi kwenye rafu za maktaba. Mwaka aliuchagua usiwe wa juzi wala wa zamani mno. Alijiona mjanja kweli. Na sasa ujanja ule ulikuwa umemfunga kamba miguu na mikono.

"Basi sema tu umebuni," alisema Chiriku. "Omba msamaha, lia kidogo. Madam anapenda wanaolia."

"Ataniuliza maneno yale niliyatoa wapi."

"Kwani uliyatoa wapi?"

Msomi alikwenda dirishani akajifanya anatazama nguo zilizoanikwa.

*

Aliyatoa kwa mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndicho kiwanda chake: mashine karibu na dirisha, meza ya kukatia, na vipande vya vitambaa sakafuni ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvifagia bila ruhusa. Siku Msomi alipopeleka nyumbani sare yake mpya, nyeupe, iliyompwaya kiunoni utadhani ameazima, mama yake alimsimamisha katikati ya chumba na kuanza kuibana, pini mdomoni. Kiuno akamaliza. Mikono akamaliza. Alipofika kwenye kola mkono wake ukasimama.

"Naye alikuwa na kola kama hii," alisema.

"Nani, Mama?"

Mama yake alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. Kisha akasema, akiwa nyuma ya Msomi, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia wateja nguo haijawa tayari. Alisema kabla hajamfahamu baba yake Msomi alikuwa na mtoto. Mtoto alishikwa na homa. Akampeleka kituoni, akapanga foleni, na nesi akamwuliza baba wa mtoto yuko wapi kwa sauti iliyofika getini. Alipokosa jibu, nesi akamjibia mwenyewe, na yale aliyoyasema Mama hakuyarudia. Watu kwenye foleni walicheka. Dawa alipewa, akaambiwa homa isiposhuka arudi kesho yake.

"Haikushuka," alisema. "Na sikurudi. Niliona afadhali mtoto aumwe nyumbani kuliko mimi nitukanwe tena mbele za watu. Nilipopata moyo wa kurudi, nilimbeba mgongoni, nikafika getini, nikahisi mgongo wangu umepoa. Nikageuka nikarudi nilikotoka."

Msomi alitaka kugeuka. Mama yake akamshika mabega.

"Tulia, una pini. Baba yako hajui. Hakuna anayejua. Wewe nimekwambia kwa sababu ya hii sare, ili siku ukichoka ukumbuke. Usiipeleke popote."

"Sawa, Mama."

Maisha yake yote Msomi alikuwa ameitwa kifungua mimba. Shangazi zake walimwita hivyo, baba yake alijivuna hivyo. Alisimama pale na pini zimemzunguka, na maswali yamemjaa mdomoni, na hakuuliza hata moja. Mama yake alishika tena kola, akasema nyuma kumekaa vizuri.

Halafu likaja swali la Madam Ukurasa. Kwa nini akina mama huchelewa? Msomi alikaa na karatasi yake akaandika umbali, kama wenzake, na kila alipoandika umbali alijiona anamsingizia mama yake. Kituo kile kilikuwa nyuma tu ya nyumba aliyokuwa akiishi mama yake wakati ule. Jibu alikuwa nalo. Kosa lake ni kwamba alidhani jibu likitoka mdomoni mwa mama yake halihesabiki, mpaka livae koti na tai. Madam alikuwa amesema hataki sentensi isiyo na chanzo, hataki kusikia "watu wanasema". Kwa hiyo Msomi akamtafutia mama yake profesa wa kumsemea, na akajipongeza kwamba siri imebaki salama na marejeo yamekamilika.

*

Ijumaa mchana Bosi alikuja bwenini akiwa na bahasha na uso wa mtu aliyeokoa taifa.

"Tumepona," alisema. "Njooni mwone."

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi moja tu, kopi, yenye kivuli cheusi pembeni kama zile zinazotoka kwenye kitabu kinene kilichogoma kulala. Juu paliandikwa jina la kitabu kwa herufi ndogo. Chini palikuwa na namba: 47.

"Nimeichapa mwenyewe, nikaipiga kopi, nikapiga kopi ya kopi, mpaka ikachakaa," alisema Bosi. "Tutasema kitabu chenyewe ni cha mjomba wako, Msomi, amesafiri nacho. Tumebaki na ukurasa huu. Atabisha nini?"

Chiriku alipiga vigelegele vya chini chini. Na Msomi, kusema ukweli, moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Aliiona wodi. Alijiona akipita kati ya vitanda na sare yake iliyobanwa vizuri. Alichukua karatasi, akaanza kusoma.

Sentensi ya mama yake ilikuwepo, katikati ya ukurasa. Lakini ukurasa mzima haujazwi na sentensi moja, na Bosi alikuwa ameujaza. Aliandika kwamba mama huyo alikuwa mwanamke asiye na elimu, mpenda starehe, ambaye mara nyingi alimwacha mtoto peke yake. Aliandika kwamba hata alipopewa dawa aliitupa kwa kuamini ushirikina. Mwishoni profesa alihitimisha kwamba akina mama wa aina hiyo ni mzigo kwa huduma za afya.

"Hii umeitoa wapi?" Msomi aliuliza.

"Ipi?"

"Kwamba alikuwa mpenda starehe."

"Aa, hayo ya kujazia tu. Maprofesa si ndivyo wanavyoandika? Kwani unamjua?"

Msomi aliichana karatasi. Aliichana mara nyingi, vipande vikawa vidogo kiasi cha kutosomeka, na bado akaendelea, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Bosi alisimama mdomo wazi. Chiriku akaanza kuviokota vipande.

"Nina nakala nyingine," Bosi alisema polepole.

"Ichome," alisema Msomi. "Nikiiona Jumatatu mezani kwa Madam, nitasema ni wewe uliyeiandika."

Jioni alipiga simu nyumbani kusema anakuja kesho. Mama yake akauliza kuna nini. Akajibu hakuna kitu, Mama, nimewakumbuka tu, akakata simu.

*

Jumamosi aliikuta nyumba imejaa kelele za kawaida. Baba yake, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa nyuma ya nyumba na miwani yake myeusi, cheche zinaruka. Alimpungia mkono akaendelea. Mama yake alikuwa kwenye mashine akishona sare za shule, rundo zima la kaptula za buluu.

"Umekonda," alisema bila kuinua macho. "Huko hamli?"

"Tunakula."

"Basi unawaza. Kaa. Sema."

Msomi alikaa kwenye rundo la kaptula na akasema. Alianza vibaya, kwa maktaba na toleo la pili, mpaka mama yake akamwambia afike. Akafika. Aliposema "nikaandika yale uliyoniambia," mashine ikanyamaza. Nje chuma kilikuwa kikilia.

"Umeandika jina langu?"

"Hapana! Mama, hata kidogo. Hakuna anayejua. Ndiyo maana nikabuni kitabu."

"Kwa hiyo maneno ni yangu, lakini umesema ni ya mtu mwingine."

"Ya profesa."

"Mwanamke?"

"Mwanaume," alisema Msomi.

Mama yake alisukuma kiti nyuma. Msomi alikuwa amejiandaa kwa kilio, au kwa ule ukimya wake wa siku mbili tatu unaotisha kuliko kipigo. Hakuwa amejiandaa kwa hasira ya aina hii.

"Mwanaume!" alisema mama yake, sauti ya chini ili isivuke ukuta. "Mtoto nizae mimi. Nimbebe mimi. Matusi nitukanwe mimi. Nikae na jambo hili kifuani miaka yote, siku nikitoa neno, unalichukua unampa mwanaume ambaye hata kuzaliwa hajazaliwa! Yeye aliuona wapi mgongo wangu?"

"Nilikuwa naficha siri yako."

"Nilikwambia usiipeleke popote. Ukaipeleka. Hilo ni la kwanza, na limeniuma. Lakini ukishaipeleka, ungeipeleka nzima. Sasa umenitoa nje na huku umenifuta."

Hapo Msomi alilia. Alisema kwamba hatamtaja. Alisema Jumatatu atamwambia Madam ametunga vyote, kitabu na mama na mtoto, na wamfanye watakavyo. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akaweka kaptula chini ya sindano.

"Nenda kamsalimie baba yako," alisema. "Usimwambie kitu. Hilo la kwangu."

Hakusema tena jambo hilo siku ile. Jumapili Msomi aliondoka akiwa hajui kama amesamehewa au ameachwa. Mama yake alimpa sabuni na mafuta ya kupaka kama kawaida, akamwambia safari njema kama kawaida, na njia nzima Msomi alirudiarudia kichwani sura yake akitafuta dalili. Hakuiona yoyote.

*

Jumatatu alimtangulia Madam Ukurasa mlangoni pa ofisi yake. Chiriku na wenzake walijikusanya mwisho wa korido, wanatazama kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo vyao wenyewe.

"Umekuja na kitabu?" Madam aliuliza, akifungua kufuli.

"Hakipo, Mwalimu. Nilikitunga mimi. Wenzangu walinakili tu, hawakujua."

Madam Ukurasa aliingia, akaweka mkoba, akakaa. Hakuonyesha kushangaa.

"Niliogopa hivyo," alisema. "Na yule mama?"

Kwa swali hili Msomi alikuwa amejiandaa tangu Jumamosi.

"Naye nimemtunga."

"Na maneno yake?"

"Yote, Mwalimu."

Mkufunzi alimtazama. Hasira ingekuwa afadhali. Alionekana kama mtu aliyeibiwa na mtu wa nyumbani.

"Kwa hiyo nililia bure," alisema. Akavuta simu ya mezani, ile ya kuita ofisi ya Mkuu.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Msomi aliijua kabla hajageuka. Mama yake alikuwa amesimama pale, amevaa gauni lake la kwendea harusini, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuwa baba yake Msomi, kofia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii haukuwa moto wa kuchomelea.

"Karibuni," Madam alisema, akainuka. "Nyinyi ni..."

"Mwalimu, nimesikia unatafuta kitabu," alisema mama yake Msomi. "Ni mimi. Yule mama ni mimi. Huyu anakudanganya sasa hivi, asubuhi hii, kwa ajili yangu. Mwanzo alikudanganya kwa ujinga wake."

"Mama," alisema Msomi.

"Nyamaza, wewe umeshaongea vya kutosha."

Baba yake alibaki karibu na mlango. Madam alimwonyesha kiti, yeye akatikisa kichwa. "Mimi nimemsindikiza tu," alisema. "Nimeambiwa jana." Hakumtazama Msomi. Alimtazama mkewe mgongoni, pale chini kidogo ya shingo, na Msomi akaelewa kwamba ameambiwa vyote.

Madam Ukurasa alirudisha simu mahali pake. Alizunguka meza, akamkalisha mama yake Msomi kwenye kiti chake mwenyewe, chenye mto, yeye akakaa kwenye kile cha wanafunzi. Kisha akamgeukia Msomi na sauti ikawa kali.

"Mtu ni chanzo. Mtu aliyekueleza ni chanzo kama kitabu, na ana namna yake ya kuandikwa. Unaandika ni mahojiano, unaandika lini. Unamwomba ruhusa kwanza. Asipotaka jina lake, linafichwa, analijua mwalimu peke yake. Nilifundisha haya. Yako kwenye kijitabu nilichowagawia, ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyefika?"

"Hapana, Mwalimu."

"Insha hii ina sifuri. Wenzako nao, na Bosi namtaka hapa na toleo lake la pili. Utaiandika upya, na usipoiandika upya huendi wodini. Ukiiandika, utakwenda." Akavuta pumzi, akamgeukia mgeni wake, akalainika. "Mama, nisamehe. Maneno yako hayakuwa ya kusomwa mbele ya darasa bila wewe kujua. Ukisema tuyaondoe, tunayaondoa leo. Ukisema yabaki, tunaficha jina. Tunaandika tu mtoa taarifa, basi."

Mama yake Msomi alifikiri. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa mshono wa mkoba.

"Nisomee alichoandika," alisema. "Nataka kujua nimesema nini."

Madam Ukurasa alivaa miwani, akaitafuta insha ndani ya furushi. Alisoma taratibu, bila kalamu. Alisoma kuhusu foleni, na mama yake Msomi akaitikia kwa kichwa. Alisoma kuhusu nesi na swali lake, akaitikia. "Mama huyo alikuwa na mtoto wa kiume," alisoma, "ambaye..."

"Wa kike," alisema mama yake Msomi.

Madam akainua macho. "Wa kiume" aliandika Msomi mwenyewe. Sentensi ilikuwa inahitaji mtoto wa namna fulani, akaandika wa kiume, mkono ukapita. Hakuwa amemwuliza mama yake. Siku ile akiwa na pini mwilini, na siku zote zilizofuata, alikuwa na dada na hakuuliza.

"Wa kike," mama yake alirudia. "Alikuwa anaanza kukaa. Andika hivyo." Kisha akamwambia Madam, "Na jina lisifichwe. Kwenye ile foleni niliitwa kila jina isipokuwa la kwangu. Niandike kama nilivyokuwa naitwa wakati ule, kabla ya hawa. Niandike mama yake..."

Akalitaja jina la mtoto. Lilitoka dogo, limekwaruza, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mlangoni baba yake Msomi alilitamka naye, kwa pumzi tu, anajifunza.

Madam Ukurasa alimsogezea Msomi karatasi na kalamu. "Andika wewe," alisema. "Insha ni yako."

Msomi aliinama juu ya meza. Machozi yalikuwa yamemziba macho hata mstari hauoni, na jina alikuwa amelisikia mara moja tu katika maisha yake, akaogopa kulikosea.

"Mama," alisema, "naomba ulitaje tena."

Mama yake akalitaja tena.